Kabla hujapeleka laptopu kupigwa Windows: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoletewa karibu kila wiki na ndugu, majirani na watu wa kazini kuhusu kompyuta za nyumbani zenye Windows 10 na Windows 11, nyingi ni zile laptopu za mtumba zilizotumika maofisini Ulaya au zilizopitia Dubai. Kabla ya majibu niseme kinachoniuma. Mama yangu mdogo alipeleka laptopu kwa fundi kwa sababu ilikuwa inachelewa kuwaka, fundi hata hakuuliza kitu, akapiga Windows upya, yani akaifuta na kuiinstoli tena, akachukua hela yake. Mama kufika nyumbani folda ya picha haipo, picha za msiba wa babu, picha za watoto wakiwa wachanga, hakuna. Na baada ya wiki mbili laptopu ikarudi kuwa nzito vilevile, mana nilipoikagua nikakuta hadi diski (hard disk) ndio iliyochoka, Windows haikuwa na kosa lolote.

Kwaiyo majibu yote hapa chini yanaanza na kutafuta chanzo. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye kioo ili usipate shida ya kuyatafuta.

Fundi, laptopu yangu imekuwa nzito sana, si nipige tu Windows?

Bado, subiri kwanza. Shika Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, ikija kadirisha kadogo bonyeza More details. Utaona safu za CPU (prosesa), Memory (ndo RAM, kumbukumbu ya muda) na Disk zina asilimia juu yake. Bofya neno Memory, programu zinazokula zaidi zinapanda juu, fanya hivohivo kwa CPU na Disk. Hapo ndo unajua unapambana na nani.

Kama Memory iko 85% au 90% muda wote na mashine ina RAM ya 4GB basi jibu umeshapata. Microsoft wenyewe wameandika 4GB kuwa kiwango cha chini cha Windows 11, na kiwango cha chini maana yake itawaka, haimaanishi utafungua tabo ishirini za Chrome na Word na Zoom kwa mpigo. Nenda Performance alafu Memory, pale chini kuna maneno Slots used, ikiandika 1 of 2 maana yake kuna nafasi moja iko wazi, unanunua kipande kingine cha RAM unachomeka na kompyuta inabadilika siku hiyohiyo. Ila laptopu nyembamba nyingi RAM yake imechomelewa kwenye ubao (motherboard), hizo huwezi kuongeza, ndo mana nawaambia watu waulize hili kabla ya kununua.

Kama Memory haijajaa, angalia programu zinazojiwasha zenyewe. Humohumo Task Manager kuna sehemu ya Startup apps, kwenye Windows 10 inaitwa Startup tu. Utakuta Spotify, Teams, programu ya printa uliyoiuza mwaka juzi, vitu vya kampuni iliyotengeneza laptopu, vyote vinagombania mlango mmoja asubuhi. Bofya kulia chagua Disable. Hufuti kitu, programu bado ipo na ukiitaka unaifungua kama kawaida, umeizuia tu isijiwashe. Ziache za sauti, za tachipadi na Windows Security.

Alafu naomba sana, usiinstoli hizi programu zinazojiita za kusafisha au kuongeza kasi. Nyingi zinajiwasha zenyewe na kompyuta, zinakula RAM ileile ulokuwa unaitafuta, alafu kila saa zinakuletea tangazo kwamba una makosa 1,400 ulipie yarekebishwe.

Disk inaonyesha 100% hata nikiwa sijafungua kitu, ni vairasi?

Inaweza kuwa vairasi lakini mara nyingi sio. Task Manager, Performance, Disk, tazama imeandikwa HDD au SSD. HDD ni ile ya zamani yenye sahani inayozunguka na kisindano kinachosoma, na kisindano kile kiko kimoja, Windows ikitaka kusoma apdeti, Defender (antivairasi ya Windows yenyewe) ikitaka kuskani, Search ikitaka kupanga mafaili, wote wanapanga foleni kwa kisindano kimoja. SSD haina kitu kinachozunguka, inasoma kwa umeme tu, ndo mana tofauti yake unaiona kwa macho.

Ushauri wangu kwa mtu mwenye HDD ni mmoja: ukipata hela ya kufanya jambo moja tu kwenye hiyo kompyuta, badilisha hadi diski uweke SSD. Nimeona laptopu za mwaka 2013 zilizokuwa zinawaka kwa dakika nne zikawaka chini ya nusu dakika, na mwenye nayo hakununua kingine chochote. Kwa laptopu za miaka hiyo ni SSD ya SATA ya inchi 2.5, inaingia palepale ilipotoka HDD. Na unaweza kuklon, yani kuhamisha kila kitu kama kilivyo, Windows na picha na paswedi zako, bila kupiga Windows upya. Fundi akikuambia haiwezekani tafuta fundi mwingine.

Kwa wakati huu ambapo huna hela, jaribu kuzima SysMain. Andika services kwenye Search, tafuta SysMain, bofya mara mbili, Stop, alafu Startup type weka Disabled. Kazi yake ni kupakia programu unazozipenda kabla hujazifungua, kwenye HDD iliyochoka wakati mwingine inaongeza foleni badala ya kupunguza. Ukiona hakuna mabadiliko baada ya siku mbili rudisha kama ilivyokuwa. Hii ya kurudisha muhimu sana, badilisha kitu kimoja kwa wakati na uandike pembeni umebadilisha nini, ukibadilisha vitu sita kwa mpigo kompyuta ikipona hujui kilichoiponya na ikizidi kuumwa hujui cha kurudisha.

Nikiwasha hotspoti ya simu bando la wiki linaisha kwa saa moja, nani anakula?

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote na nawaelewa kabisa, Windows ilitengenezwa na watu wenye intaneti ya kulipia kwa mwezi isiyoisha, wewe unanunua GB kwa GB.

Kwanza iambie Windows kwamba mtandao huu unalipiwa. Nenda Settings, Network & internet, Wi-Fi, fungua properties za hotspoti yako, washa Metered connection. Ukishawasha hapo Windows inaacha kudanlodi apdeti nyingi kubwa hadi uruhusu mwenyewe, na OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni, nayo inasimama kusinki. Setingi hii inakaa kwa kila mtandao peke yake, ukibadilisha simu, au hata ukibadilisha jina la hotspoti, inabidi uiwashe tena, watu wengi wanaibiwa bando hapo wakidhani walishamaliza.

Pili zima Delivery Optimization. Iko Settings, Windows Update, Advanced options, kwenye Windows 10 unapitia Update & Security. Kazi yake ni kompyuta kugawiana apdeti na kompyuta nyingine, na ukiiacha kwenye chaguo la mtandao mzima inaweza kutumia bando lako kumpelekea mtu usiyemjua vipande vya apdeti. Kwa mtu wa bando hiyo haifai hata kidogo.

Tatu, Data usage, iko humohumo kwenye Network & internet, inakuonyesha kila programu imekula MB ngapi kwa siku 30. Hapa hakuna kubahatisha. Mara nyingi utakuta brauza iko juu kwa sababu ya video, hapo kosa ni letu wenyewe, shusha video iwe 360p. Ukikuta OneDrive iko juu maana yake inapandisha picha zako mtandaoni, ifungue Settings zake uisimamishe au uchague folda chache.

Ila sisemi uzime apdeti moja kwa moja. Apdeti za usalama zinaziba matundu ambayo vairasi wanapitia, na unaweza kuzisogeza mbele kwa Pause updates mpaka wiki tano. Fanya hivi, mara moja kwa mwezi peleka laptopu sehemu yenye Wi-Fi nzuri, kazini, chuoni, kwa rafiki, iache imalize kila kitu. Apdeti za Microsoft za kila mwezi zinatoka Jumanne ya pili ya mwezi kwa saa za Marekani, kwetu zinafika usiku huo au Jumatano, kwaiyo wikiendi inayofuata ni wakati mzuri.

Windows 10 si imeshakufa? Nifanyeje na laptopu yangu?

Haijazimika, itaendelea kuwaka. Kilichoisha ni msaada wa bure, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga apdeti za kawaida za Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Wakatangaza mpango wa ESU wa apdeti za usalama kwa watu wa nyumbani mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, unaingia kwa kulipa dola 30, au kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bila kulipa ukikubali kusinki setingi zako kwenye akaunti ya Microsoft.

Kuhusu kupanda Windows 11, wanataka TPM 2.0 na Secure Boot (vyote ni vya usalama ndani ya mashine), na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kizazi unakisoma hivi: i5-6300U, namba ya kwanza baada ya kistari ni 6, kizazi cha sita, haipiti. i5-8250U ni cha nane, inapita. i5-1035G1 inaanza na 10, ni cha kumi. Dukani muuzaji anakuambia tu "ni Core i5 hii" kana kwamba inatosha, i5 ya mwaka 2012 na i5 ya mwaka 2019 sio ndugu. Muombe aifungue, bofya kulia This PC, Properties, soma mwenyewe.

Wakati mwingine mashine inapita ila TPM imezimwa kwenye BIOS (setingi za mashine zinazofunguka kabla ya Windows), kwenye Intel inaitwa PTT na kwenye AMD fTPM, iwashe alafu jaribu tena.

Kwa mashine za zamani zisizopita mimi napendekeza Linux Mint bila wasiwasi, inakubali mpaka RAM ya 2GB ingawa 4GB ndo raha, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako. Mtu anayetumia brauza, barua na video atazoea ndani ya siku chache. Mwenye programu za uhasibu za Windows asiende huko kabla ya kuuliza.

Mbona nazima kila siku usiku lakini matatizo yako palepale asubuhi?

Kwa sababu haizimiki kabisa. Kuna kitu kinaitwa Fast startup, ukibonyeza Shut down Windows inafunga programu zako ila moyo wa mfumo pamoja na draiva (programu zinazoendesha vifaa kama printa na Wi-Fi) unauhifadhi kwenye hadi diski, asubuhi inaurudisha kama ulivyokuwa na ugonjwa wake wote. Hakikisha mwenyewe, Task Manager, Performance, CPU, tazama Up time, utakuta siku kumi na wewe unazima kila usiku. Restart ndio inayoanza upya kabisa. Kwaiyo printa ikigoma, Wi-Fi ikipotea, sauti ikikata, cha kwanza bonyeza Restart sio Shut down. Ukitaka kuizima moja kwa moja fungua Control Panel, Power Options, Choose what the power buttons do, toa tiki kwenye Turn on fast startup.

C imejaa, ina alama nyekundu, nifute nini?

Usiguse folda ya Windows wala Program Files, nakuomba. Nenda Settings, System, Storage, acha imalize kuhesabu, fungua Temporary files. Kagua vizuri kama Downloads imewekewa tiki kabla hujabonyeza Remove, humo ndo kuna vyeti na risiti za watu. Kama ulipanda Windows hivi karibuni kuna Windows.old inaweza kula GB 20, yenyewe inajifuta baada ya siku 10, ukiifuta mapema huwezi tena kurudi kwenye Windows ya zamani.

Kama hutumii Hibernate (kuzima huku kazi zako zimehifadhiwa kwenye diski), fungua Command Prompt, dirisha la kuandika amri unalolipata kwenye Search, kwa Run as administrator, andika `powercfg /h off`, faili la hiberfil.sys linaondoka, kwenye mashine ya RAM 8GB unaweza kupata karibu GB 3 hapo. Na ile Fast startup ya juu nayo inazimika, umemaliza mawili kwa moja.

Ila sehemu kubwa inayojaza ni muvi na video za WhatsApp, hizo hamishia kwenye diski ya nje.

Kila nikiwasha saa inarudi mwaka wa zamani na tovuti zote zinagoma kufunguka

Hayo ni tatizo moja. Ndani ya kompyuta kuna kabetri kadogo ka duara, CR2032 ya volti 3, kazi yake ni kutunza saa kompyuta ikiwa haina umeme. Kakiisha, saa inarudi nyuma. Sasa tovuti zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, brauza ikiona leo ni 2015 inasema cheti hiki bado hakijaanza, inakuletea onyo la Your connection is not private. Watu wanalaumu mtandao bure. Kwenye desktopu unakabadilisha mwenyewe kama betri ya saa ya ukutani, kwenye laptopu mara nyingi kana kawaya, mpe fundi.

Kama saa inakosea kwa saa kadhaa kamili, hapo ni zoni. Settings, Time & language, chagua UTC+03:00 Nairobi, ndo ya Tanzania, Kenya na Uganda, hakuna iliyoandikwa Dar es Salaam usiitafute. Mlio Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni UTC+02:00 Harare, Pretoria.

Nikibonyeza alama ya @ inatoka nukta za kufungulia na kufungia semi

Kibodi yako ni ya Uingereza na Windows inadhani ni ya Marekani, au kinyume chake. Kwenye kibodi ya Marekani Shift na 2 inatoa @, kwenye ya Uingereza inatoa ". Laptopu za mtumba zinakuja na kibodi za kila nchi, za Ujerumani Y na Z zimebadilishana, za Ufaransa zinaanza AZERTY. Usibadilishe kibodi. Settings, Time & language, Language & region, kwenye lugha yako bonyeza vidoti vitatu, Language options, Add a keyboard, chagua inayofanana na vitufe unavyoviona, ile nyingine iondoe. Ikiwa inajibadilisha yenyewe katikati ya kuandika, umegusa kitufe cha Windows pamoja na Space bila kujua.

Na wale mnaoandika Kiswahili kwenye Word mkapata mistari myekundu ukurasa mzima, chagua maandishi yote, Review, Language, Set Proofing Language, weka tiki Do not check spelling or grammar. Sio kwamba umekosea, inakusahihisha kwa lugha isiyo yako.

Flashi imetoka steshenari, mafaili yamekuwa shotikati, je yamefutika?

Hayajafutika, usiiformat! Vairasi ameyaficha na akaweka shotikati ambazo ukizibofya unamkaribisha kwenye kompyuta yako. Usibofye hata moja. Angalia flashi ina herufi gani, tuseme ni E, fungua Command Prompt kwa Run as administrator, andika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*` alafu Enter, subiri. Ukimaliza fungua flashi utayaona mafaili yako, mara nyingine yako ndani ya folda isiyo na jina. Hakikisha mara mbili herufi ni ya flashi na sio C. Kopi mafaili yako tu, picha, PDF, Word, usikopi shotikati wala kitu kinachoishia na .exe, .vbs au .lnk, ndipo uiformat flashi.

Kuona hizo herufi za mwisho, isipokuwa .lnk ambayo Windows inaificha, fungua File Explorer, View, Show, weka tiki File name extensions. Iache iwe hivo siku zote, mana bila hiyo faili linaloitwa picha.jpg.exe litaonekana kama picha.jpg.

Alafu skani kompyuta, Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua ile ya offline, itajizima na kuskani kabla Windows haijaamka, inachukua kama dakika 15. Defender anatosha kwa mtu wa nyumbani. Ukiinstoli antivairasi mbili zinagombana zenyewe kwa zenyewe na wewe ndo unaumia.

Umeme ulikatika nikiwa natumia desktopu, sasa inaandika Automatic Repair inazunguka tu

Umeme ukikatika wakati Windows inaandika kitu kwenye diski, kile kitu kinabaki nusu. Ipe nafasi kwanza, dakika ishirini hata nusu saa. Isipotoka, izime kwa kushikilia kitufe, washa, nembo ikionekana izime tena, ukirudia hivo mara ya tatu inakupeleka kwenye kioo cha matengenezo. Troubleshoot, Advanced options, jaribu Startup Repair. Ikigoma jaribu System Restore, kama kilikuwa kimewashwa. Ikigoma tena, Command Prompt, andika `chkdsk C: /f`, ila humo herufi zinaweza kubadilika, C yako ikawa D, kwaiyo andika kwanza `dir C:` uone kama folda ya Users ni yako.

Ikifanikiwa kuwaka fanya hizi mbili kwenye Command Prompt ya administrator: `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`, inahitaji intaneti, ikiisha `sfc /scannow`. Ya kwanza inaleta vipuri vizima, ya pili inabadilisha vibovu. Asilimia inaweza kusimama pahali pamoja muda mrefu, usifunge dirisha.

Mwenye desktopu anunue UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), hata ndogo, huna haja ya saa nzima, unahitaji dakika tano za kusevu na kuzima vizuri. Mwenye laptopu asiichomoe betri kutumia umeme mtupu, hiyo betri ndo UPS yako.

Kioo cha bluu, uso wa huzuni, inajizima

Usiseme tu "imeleta bluu", piga picha kwa simu ile Stop code. MEMORY_MANAGEMENT mara nyingi inaelekeza kwenye RAM, andika mdsched kwenye Search iipime, au chomoa RAM, futa vumbi, rudisha. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni vifaa, anza na joto, feni imejaa vumbi? INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE ni Windows kushindwa kuiona diski yake. Kama ilianza baada ya apdeti, kwenye kile kioo cha matengenezo kuna Uninstall Updates.

Imewaka inaniomba recovery key, namba 48, sijawahi kuweka

Hapa naomba usimame kabisa. Hiyo ni BitLocker, mafaili yako yamefungwa kwa kufuli, na kwenye laptopu nyingi za Windows 11 inajiwasha yenyewe ukiingia na akaunti ya Microsoft. Ukigusa BIOS au ubadilishe ubao inaomba ufunguo. Kwa simu ingia aka.ms/myrecoverykey na akaunti ileile ya kwenye laptopu, namba ziko hapo. Bila ufunguo hakuna fundi wa kuyafungua hayo mafaili, anayesema anaweza atakupigia Windows na picha zimekwenda. Kama laptopu yako leo inawaka vizuri, nenda kauone ufunguo sasa hivi uandike kwenye daftari.

Activate Windows imeandikwa kwenye kona, kuna madhara?

Unanyimwa kubadilisha picha ya nyuma na rangi, kazi nyingine zinaendelea. Nisichotaka ni udanlodi hizi programu za kuvunja, kitu cha kwanza zinachokuambia ni "zima antivairasi", na ukishazima umemfungulia mlango mgeni usiyemjua. Laptopu nyingi za ofisini zilikuja na leseni ndani ya ubao, ukiinstoli toleo lilelile, Pro kwa Pro au Home kwa Home, inajiaktiveti ikipata intaneti. Kosa la kawaida ni mtu kuwekewa Pro kwenye mashine yenye leseni ya Home.

Na haya madogomadogo?

Sauti haipo: bofya spika chini kulia, angalia inatoka wapi, ukishaunganisha TV kwa HDMI inahamia kule. Herufi zinaandika namba: zima Num Lock. Kioo cheusi lakini mashine inanguruma: bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B pamoja. Inalia tii kila ukibonyeza Shift: umeibonyeza mara tano ukawasha Sticky Keys, izime kwenye Accessibility. Aikoni za Windows 11 ziko katikati huzipendi: Settings, Personalization, Taskbar, Taskbar behaviors, weka Left. Betri unaishuku, hasa kabla ya kununua mtumba: kwenye Command Prompt andika `powercfg /batteryreport`, fungua faili lililotajwa, linganisha Design capacity na Full charge capacity, ikiwa ya pili ni nusu ya kwanza dai punguzo.

Sasa ni lini kweli nipige Windows?

Ukiwa unaiuza. Ukiwa umeweka diski mpya bila kuklon. DISM na sfc zikishindwa zote. Au vairasi akirudi hata baada ya skani ya offline.

Jaribu kwanza Settings, System, Recovery, Reset this PC, uchague Keep my files, programu zitaondoka ila mafaili yako yanabaki. Chagua Local reinstall kama uko kwenye bando, Cloud download inaweza kula zaidi ya GB 4. Ikibidi kupiga kabisa, flashi ya 8GB na Media Creation Tool ya Microsoft, na hiyo flashi inafutwa yote.

Kabla ya hapo kopi Desktop, Documents, Pictures, Downloads na Videos kwenye diski ya nje, alafu ichomeke hiyo diski kwenye kompyuta nyingine, fungua picha kadhaa na faili mbili tatu uone zinafunguka kweli, sio kuona majina tu. Paswedi za brauza zihakikishe ziko kwenye akaunti. Na draiva ya Wi-Fi idanlodi mapema kutoka tovuti ya kampuni ya laptopu uiweke pamoja na bakapu, mana ukishapiga Windows na Wi-Fi isionekane hutaweza kuitafuta humohumo, labda uchomeke simu kwa waya wa USB na uwashe tethering.